Kujaza risasi za bunduki ya wenzo ili kundi la matundu libane

Wengi wanaojijazia risasi, yaani wanaolijaza upya ganda lililofyatuliwa, hujifunza kazi hii kutoka kwa watu wa bunduki za komeo, zile zinazofunguliwa kwa kuvuta kitasa cha pembeni. Kule maarifa yote huenda kwenye kusogeza kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, hadi kikaribie mifuo ya mtutu, ile mitaro ya ndani inayokizungusha, kupima baruti hadi punje ya mwisho, na kutumia mtutu mnene usioguswa na kitu. Ukiyahamishia hayo kwenye bunduki ya wenzo, ile inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, mengi yatagoma. Kichwa hakisogei mbele, kwa sababu urefu wa risasi unatawaliwa na njia ya kulishia. Mtutu nao umeshikwa na mti wa mbele, pete na bomba la magazini, linalobeba risasi chini yake zikiwa zimefuatana. Na kwa Winchester 94 na Marlin 336, komeo, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, hufungwa kwa nyuma, kwa hiyo chuma hujinyoosha kidogo kila unapofyatua, na ganda hujinyoosha pamoja nacho.

Ninachoshikilia ni hiki: katika bunduki hii usahihi hutoka kwanza kwenye ganda linaloshika kichwa kwa nguvu ileile kila mara, kisha kwenye mti na vyuma vinavyorudi mahali palepale baada ya kila mlio. Uzito wa baruti hufuata nyuma yao. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye shingo na mdomo wa ganda, mahali ambapo wengi hupita mbio. Mfano wangu mkuu ni .30-30 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki aliyoibuni John Browning, na mpaka leo ndiyo risasi inayotajwa mara nyingi zaidi pale bunduki ya wenzo inapozungumzwa.

Mambo machache hayana mjadala. Sheria za kujijazia risasi hutofautiana. Kwingine unahitaji kibali, kwingine hairuhusiwi kabisa, basi pata jibu kabla hujanunua chombo chochote. Kila kipimo cha baruti kitoke kwenye kitabu cha vipimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, na kitabu chenyewe kiwe kipya. Vaa miwani. Mezani iwepo kopo moja tu la baruti. Usijaze ukiwa umechoka au unaongea na simu.

Anza na bunduki yenyewe

Hakuna risasi itakayoponya bunduki iliyolegea. Hakikisha haina kitu: fungua wenzo, tazama chemba, ingiza kidole, kisha hakikisha na bomba la magazini limebaki tupu. Sasa pitia skrubu moja moja. Skrubu ya shingo ya kitako ndiyo msumbufu mkubwa, kwa kuwa mti hukauka na kusinyaa, na skrubu iliyokazwa miaka mingi iliyopita leo inaelea. Shika kitako kwa mkono mmoja na mwili wa bunduki kwa mkono mwingine, kisha jaribu kuvipinda. Ukisikia mchezo wowote, umepata kazi ya kwanza.

Kisha pete. Legeza taratibu skrubu ya pete ya mbele huku ukitazama mtutu na bomba. Kama kimojawapo kinaruka pembeni skrubu inapoachia, maana yake vilikuwa vimelazimishwa kukaa, na mtutu ukipata moto utasukumwa upande huohuo. Dawa yake ni kusugua mti wa mbele kwa msasa mwembamba kule ndani unakogusana na mtutu, kidogo kidogo, hadi vyote vikae bila kulazimishwa. Ukimaliza, paka mti uliousugua mafuta au vanishi ili usinyonye unyevu. Kazi hii haigharimu kitu, na kwa bunduki nyingi inaleta mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha aina ya baruti.

Tazama pia ukingo wa mdomo wa mtutu. Winchester 94 haina njia ya kupitisha ufito wa kusafishia kutoka nyuma, kwa hiyo husafishwa kupitia mdomoni, na ufito unaosugua upande mmoja kwa miaka mingi hula ukingo. Pitisha pamba kuzunguka ukingo. Nyuzi zikinasa, pana kovu, na hiyo ni kazi ya fundi. Kuanzia leo tumia kizibo cha kuongozea ufito. Mwenye Marlin 336 ana nafuu: atoe skrubu ya wenzo, avute wenzo na komeo, asafishe kutoka nyuma.

Maganda

Tenga maganda kwa chapa ya kiwanda iliyo kwenye kitako chake. Ukuta wa ganda la kiwanda kimoja unaweza kuwa mnene kuliko wa kingine, nafasi ya ndani ikapungua, na shinikizo likapanda kwa baruti ileile. Chagua chapa moja, chukua maganda 50, na uyatumie hayohayo kwa majaribio yote. Yaende pamoja, yachoke pamoja.

Kurudisha umbo, yaani kulibana ganda lililofyatuliwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudie kipimo chake, ndiyo hatua inayoua maganda ya .30-30. Ganda hili lina ukingo wa kitako, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame chembani. Viwanda vimetumia uhuru huo kuacha nafasi kubwa mbele ya bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni. Ukifyatua mara ya kwanza, bega husogea mbele kujaza nafasi. Ukikaza kalibu hadi chini kama karatasi ya maelezo inavyosema, unalirudisha bega nyuma kabisa, nalo litasogea tena mbele kwenye mlio unaofuata. Baada ya mizunguko michache ganda hukatika karibu na kitako.

Kwa hiyo panga kalibu kwa kufuata chemba yako. Paka bega na shingo ya ganda lililofyatuliwa wino wa kalamu nzito. Anza na kalibu ikiwa juu, bana, tazama mahali wino ulipofutika, kisha ishushe kwa sehemu ndogo ya mzunguko. Kila mara ingiza ganda chembani na ufunge wenzo. Mwanzoni utasikia ugumu mwisho wa safari ya wenzo. Endelea kushusha hadi ugumu huo uishe, ongeza kidogo sana, kisha funga nati ya kalibu. Bega likirudi nyuma milimita 0.05 hivi, panatosha.

Wapo wanaoshauri kubana shingo pekee na kuacha mwili wa ganda. Kwa bunduki ya komeo wana hoja. Kwa wenzo ninawakatalia, kwa kuwa wenzo hauna nguvu ya kusukuma ganda lililobana wala ya kulivuta likinasa. Mwili ubanwe, bega liguswe kidogo tu. Na ikiwa risasi hizo zitatumika kwenye bunduki mbili, rudisha umbo kamili na ukubali kwamba maganda yataishi muda mfupi zaidi.

Kila mzunguko chunguza dalili za kukatika. Chukua waya mwembamba mgumu, pinda ncha yake kwa pembe ya mraba, inoe, kisha iteremshe ndani ya ganda hadi chini na uivute juu ukiukwaruza ukuta. Kwenye ganda zima ncha huteleza bila kikwazo. Kwenye ganda linalokufa, juu kidogo ya kitako, ncha hutumbukia kwenye mfuo na kunasa. Nje, mahali hapohapo, huenda ukaona pete inayong'aa. Ganda hilo lipondeponde kwa koleo, ulitupe.

Sasa urefu. Kipimo cha juu cha ganda la .30-30 ni milimita 51.8, na wengi hulikata hadi milimita 51.5. Namba yenyewe si muhimu kama usawa. Hatua ya mwisho ya kujaza ni kubana mdomo wa ganda kuzunguka kichwa, na kalibu ya kubana haijui ganda lipi ni refu. Ganda lililozidi wenzake kwa milimita 0.2 litabanwa sana, na lililopungua litaguswa tu. Yakate yote, hata yale ambayo bado hayajafika kipimo cha juu. Ukishakata, ondoa chembe zilizobaki ndani na nje ya mdomo kwa kikwanguo, mizunguko miwili laini, ukingo usije ukawa mkali kama wembe.

Shingo ikianza kupasuka, au ukiona kichwa kinaingia kwa ulaini kwenye baadhi ya maganda na kwa ugumu kwenye mengine, shaba imekuwa ngumu. Kupasha shingo moto ili ilainike ni ujuzi wa peke yake. Kama huna vifaa vyake, nunua maganda mapya. Kitako cha ganda kisipashwe moto hata mara moja, kwa kuwa kikilainika hakitahimili shinikizo.

Fataki na baruti

Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kiasi cha milimita 0.1. Kwenye magazini ya bomba, ncha ya risasi moja hutazama fataki ya risasi iliyo mbele yake, na fataki iliyotokeza ni hatari ya wazi. Safisha kitundu chake, ibane hadi uisikie imegusa chini, kisha pitisha ncha ya kidole juu ya kila kitako. Kidole huhisi haraka kile ambacho jicho hupitwa nacho. Tumia fataki za kawaida za bunduki za ukubwa unaotajwa na kitabu, na usibadilishe aina katikati ya majaribio.

Kwa baruti, .30-30 ina chaguo zuri. IMR 3031 ni ya zamani na bado inapiga vizuri, ila punje zake ndefu hunasa kwenye kipimio cha mzunguko, chombo kinachogawa baruti kwa ujazo, kwa hiyo pima kila kipimo kwa mizani. Winchester 748 na Hodgdon LEVERevolution ni za punje duara, hutiririka sawasawa, na unaweza kutegemea kipimio huku ukikagua kwa mizani kila baada ya risasi kumi.

Anza na kipimo cha chini cha kitabu. Panda kwa greni 0.3, yaani gramu 0.02 hivi, risasi tano kwa kila daraja, na usivuke kipimo cha juu kwa sababu yoyote. Wengine husoma fataki kama dira ya shinikizo, na kwa bunduki hizi ni tabia mbaya. Kikomo cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa Marekani kinachoweka viwango vya silaha na risasi, kwa .30-30 ni psi 42,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na mara nyingi fataki hubapa kwenye shinikizo kubwa zaidi ya hapo. Ukiiona imebapa umekwishachelewa. Wenzo ukianza kuwa mgumu kufunguka, simama na uzifungue risasi zilizobaki. Na fataki ikitokeza nyuma ya ganda baada ya kufyatua, usihofu mara moja: kwenye vipimo vya chini, shinikizo halitoshi kulisukuma ganda lirudi na kuikalisha, ikabaki nje.

Kipima mwendo ni chombo kizuri, lakini kisikutawale. Tuseme kichwa cha greni 170 kinatoka kwa mita 670 kwa sekunde, na tofauti kati ya risasi yenye kasi zaidi na yenye kasi ndogo zaidi ni mita 15 kwa sekunde. Kwenye shabaha ya mita 100 tofauti hiyo inasogeza tundu milimita 5 au 6 tu juu au chini. Bunduki ambayo kundi lake ni milimita 100 haisumbuliwi na hilo. Ndiyo maana ninamwambia anayekesha akihesabu punje za baruti ahamishie bidii hiyo kwenye mdomo wa ganda.

Kabla ya kuweka vichwa, panga maganda kwenye ubao wake na umulike ndani kwa tochi. Kimo cha baruti kiwe kimoja kwa yote. Ganda lenye kimo tofauti limwage, upime upya.

Kichwa

Kwa magazini ya bomba, kichwa kiwe na ncha bapa, au kile chenye ncha laini ya plastiki kilichotengenezwa mahususi kwa magazini hizo, kama FTX ya Hornady. Ncha kali ya kawaida haina nafasi humo. Savage 99 yenye magazini ya mzunguko, Winchester 1895 na Browning BLR zenye magazini ya sanduku hazina kizuizi hicho, kwa hiyo wenye bunduki hizo wana uhuru mpana zaidi.

Uzito wa kawaida ni greni 150 na 170. Jaribu vyote viwili mapema, kwa kipimo cha kati, kabla hujaanza kuchezea jambo jingine. Mtutu mmoja hupenda kimoja bila sababu inayoonekana, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kufyatua.

Anayetumia vichwa vilivyotengenezwa kwa kuyeyusha madini ya risasi azingatie upana. Kichwa chembamba kuliko mifuo huruhusu moto kupita pembeni, kikayeyuka na kuacha madoa ya madini hayo mtutuni. Mtutu wa .30-30 huwa na upana wa inchi 0.308 kwenye mifuo, basi kichwa cha inchi 0.309 au 0.310 ndicho cha kuanzia, kikiwa na kikombe cha shaba nyuma yake. Marlin 336 za miaka mingi zina mifuo mingi myembamba inayoitwa Micro-Groove, nazo huhitaji upana huo zaidi kuliko nyingine. Vipimo vya baruti vya vichwa vya kuyeyusha ni vya peke yake. Usiazime vya vichwa vya shaba, yaani vilivyovikwa shaba.

Kuketisha kichwa na kubana mdomo

Hapa ndipo kundi lako linapopatikana au kupotea.

Kichwa kina mfereji wenye meno unaokizunguka kiunoni. Mdomo wa ganda uishie katikati ya mfereji huo, na urefu wa risasi nzima usizidi milimita 64.77 kwa .30-30. Usijaribu kuketisha kichwa nje ya mfereji ili kukikaribisha kwenye mifuo. Risasi ndefu itakwama ikipanda kutoka kwenye bomba, na mdomo utakuwa umebana mahali pasipo na mfereji, ukichubua shaba.

Kalibu nyingi huketisha kichwa na kubana mdomo kwa pigo moja. Usikubali. Kwa pigo moja, mdomo unaanza kufunga wakati kichwa bado kinashuka, kikakwanguliwa na kusukumwa upande. Fanya mara mbili. Kwanza inua mwili wa kalibu usiguse mdomo, ketisha vichwa vyote kwa urefu mmoja. Kisha inua kijiti cha kuketishia kisiguse kichwa, shusha mwili wa kalibu, ubane midomo yote. Ukiweza, nunua kalibu ya pili ya kubana pekee. Ile ya Lee inayobana kwa vidole kutoka pembeni inasamehe tofauti ndogo za urefu wa ganda, na haisukumi ganda kuelekea chini.

Hakikisha kijiti cha kuketishia kina uso unaolingana na ncha bapa. Kijiti cha ncha kali kinashika kichwa bapa kwenye mzingo wake tu, kikakiacha kilale upande. Kagua kwa kubiringisha risasi juu ya kioo kilicholala sawa: ncha inayoyumba utaiona.

Nguvu ya kushika itoke kwanza kwenye shingo, na mdomo uje kuisaidia. Kabla ya kubana mdomo, chukua risasi moja usukume ncha yake dhidi ya ukingo wa meza kwa nguvu ya mkono. Kichwa kikizama, shingo ni legevu, na hakuna kubana kutakakoitibu. Huenda tufe la ndani ya kalibu linalopanua shingo ni pana mno au shaba imechoka.

Kisha nguvu ya kubana. Jaza makundi matatu ya risasi tano kwa baruti ileile: la kwanza kwa kubana kidogo, la pili wastani, la tatu kwa nguvu. Tazama kila moja kwa kioo cha kukuzia. Katika lile la wastani utaona ukingo wa shaba umejikunja na kuingia ndani ya mfereji pande zote sawa, na ukipitisha ukucha kutoka kwenye ganda kwenda kwenye kichwa, haukwami. Ukucha ukikwama upande mmoja, urefu wa maganda bado haujawa sawa. Kama umekaza kupita kiasi, bega la ganda huvimba kwa kiasi ambacho huenda macho yasikione, lakini chemba itakwambia, kwa kuwa risasi itakataa kuingia. Na kuna ubaya usioonekana: shaba iliyokunjwa mno huifanya shingo iliyo chini yake iachane na kichwa, kwa hiyo unakaza zaidi na unashika kidogo. Mara nyingi kundi la wastani ndilo linalobana zaidi kwenye shabaha, na tofauti yake na mengine ni kubwa kuliko ya daraja moja la baruti.

Jaribio la bomba

Watu hupima risasi mezani, wakazisifu, wasijue zimebadilika zikiwa bombani. Springi ya magazini inasukuma safu nzima, na kila mlio huzipiga risasi zilizobaki. Kichwa kinachozama ndani ya ganda hupunguza nafasi ya baruti na kuinua shinikizo, achilia mbali kuharibu shabaha.

Chukua risasi moja, ipime kwa kalipa hadi sehemu ya mia ya milimita, andika namba, utie alama ya wino ukingoni mwa kitako. Iingize ya kwanza, ili ikae mbele kabisa ya bomba na itoke mwisho. Jaza zilizobaki nyuma yake, uzifyatue zote uwanjani, kisha itoe hiyo yenye alama bila kuifyatua, mtutu ukielekea kwenye tuta. Ipime tena. Namba ikiwa ileile, umebana sawasawa. Ikiwa imepungua, rudi kwenye shingo na mdomo kabla hujajaza nyingine. Jaribio hili lifanye kwa kila mchanganyiko mpya. Sijaona jingine linalosema mengi hivyo kwa gharama ya risasi moja.

Uwanjani

Weka mfuko wa mchanga chini ya mti wa mbele, karibu na mwili wa bunduki. Mtutu usiguse mfuko, wala bomba lisiguse. Bunduki ikae mahali palepale kila mara, na bega lako liibane kwa nguvu ileile. Mti wa vipande viwili huhisi kila badiliko la mshiko.

Piga risasi tano kwa kundi, si tatu. Kundi la tatu hudanganya kwa uzuri. Mtutu wa bunduki hizi ni mwembamba na umefungwa na vyuma vingine, kwa hiyo uache upoe hadi uweze kuushika bila kusikia joto, kisha endelea. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine lililo mbali zaidi nalo. Kwenye mita 100, dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni milimita 29. Bunduki ya wenzo iliyo timamu ikitoa dakika mbili hadi tatu, yaani milimita 58 hadi 87, imefanya kazi yake, na zipo zinazobana kuliko hapo. Kwa macho matupu bila darubini anza kwenye mita 50, kwa sababu kosa la jicho litafunika tofauti unazozitafuta.

Soma sura ya kundi, usiishie kwenye ukubwa wake. Matundu yanayopanda moja juu ya jingine kadiri mtutu unavyopata moto mara nyingi yanasema pete au bomba bado vinabana. Makundi mawili madogo yaliyotengana huashiria kitu kilicholegea kinachocheza kati ya mahali pawili: darubini, kilengeo cha nyuma, au kitako. Matundu yaliyotawanyika bila mpangilio nayatafutia mdomoni mwa ganda na kwenye aina ya kichwa.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliacha. Piga kundi moja ukiingiza risasi moja moja chembani, na jingine ukianza na magazini iliyojaa. Bomba lililojaa linaning'inia chini ya mtutu, na uzito wake hupungua kila unapofyatua. Kwa bunduki nyingine kitovu cha kundi huhama. Ukijua kinahamia wapi, rekebisha kilengeo kwa hali utakayoitumia kweli. Mwindaji hutegemea risasi ya kwanza ya mtutu baridi na magazini iliyojaa, kwa hiyo kilengeo chake kipangwe kwa risasi hiyo.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha kichwa na nguvu ya kubana siku moja, hutajua kipi kimekusaidia.

Maganda yaliyonyooka

Kwa .357 Magnum, .44 Magnum na .45-70 hakuna bega la kusumbua, ila mdomo hufunguliwa kidogo kama kengele ili kichwa kiingie, na ukifunguliwa mno ganda hupasuka mapema. Fungua kiasi cha kichwa kusimama peke yake tu.

Mitutu mingi ya .44 Magnum ina upana wa inchi 0.431 kwenye mifuo, ilhali vichwa vingi vya shaba ni inchi 0.429 au 0.430. Pima mtutu wako kwa kupitisha kipande cha madini laini ya risasi, kisha utafute kichwa kinachoujaza. Marlin 1894 za miaka mingi za .44 zina mifuo inayokamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 38, mwendo wa pole, kwa hiyo vichwa vizito virefu haviwi imara hewani. Kaa kwenye greni 240 kabla ya kujaribu vizito zaidi.

Kwa .45-70 soma kitabu kwa makini makubwa. Risasi hii ni ya mwaka 1873, na vitabu hugawa vipimo vyake sehemu tatu: vya bunduki dhaifu za zamani za Trapdoor, vya bunduki za wenzo za kisasa, na vya bunduki imara za risasi moja kama Ruger No. 1. Kipimo cha sehemu ya tatu kwenye bunduki ya wenzo kinaweza kuivunja. Ganda lake pia ni kubwa, na kipimo kidogo cha baruti huachia nafasi kubwa ndani, baruti ikilala mbele au nyuma kutegemea ulivyoinamisha bunduki, na mwendo ukibadilika. Chagua baruti inayojaza sehemu kubwa ya ganda, na uone kundi linavyotulia.

Daftari

Andika chapa ya maganda na idadi ya mara yaliyofyatuliwa, kichwa, baruti pamoja na namba ya kopo lake, fataki, urefu wa risasi, jinsi kalibu ya kubana ilivyokaa, na joto la siku. Ukifungua kopo jipya la baruti ileile, hata kama jina halijabadilika, shuka madaraja mawili kutoka kwenye kipimo chako, upande tena ukiangalia wenzo na kundi, na jaribio la bomba lirudiwe na risasi mpya.